Mwongozo wa Mgeni Mezani pa Wema na Uovu

Umealikwa kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni. Umepewa kiti, dadu yenye pande 20 na karatasi ya mhusika wako. Jina umejaza, kabila umejaza, kazi na nguvu za mwili umejaza. Sasa umefika kwenye nafasi moja ndogo inayokutaka utaje mwelekeo wa maadili wa huyo mhusika. Weka kalamu chini. Usiandike kitu kabla hujamaliza kusoma mwongozo huu, maana katika nafasi hiyo urafiki wa watu wazima umewahi kuvunjika.

Ramani ya eneo

Mielekeo ni tisa, imepangwa safu tatu za viwanja vitatu vitatu. Mstari mmoja unatoka kwenye Wema hadi kwenye Uovu, mwingine unatoka kwenye Sheria hadi kwenye Vurugu. Mistari hiyo ikikutana unapata Wema wa Sheria, Wema Mtupu na Wema wa Vurugu; Sheria Tupu, Katikati na Vurugu Tupu; kisha Uovu wa Sheria, Uovu Mtupu na Uovu wa Vurugu. Kwenye karatasi mpango huu unapendeza. Kila kiumbe ana kiwanja chake, na pepo wabaya wenyewe wamegawanywa. Wale wa Uovu wa Sheria huchukua roho yako kwa mkataba uliotiwa saini, wale wa Uovu wa Vurugu huichukua bila makaratasi. Pande hizo mbili zimo katika vita visivyokwisha. Kumbe hata huko chini watu hawapatani juu ya utaratibu.

Jinsi mtego ulivyotegwa

Mwanzoni viwanja havikuwa tisa. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu Marekani mwaka 1974, mielekeo ilikuwa mitatu tu: Sheria, Katikati na Vurugu. Wazo lilitoka kwenye hadithi za Poul Anderson na Michael Moorcock, ambamo nguvu mbili kubwa zinagombea ulimwengu. Swali lilikuwa la kivita: uko upande gani? Swali la namna hiyo mtu hulijibu bila kuichungua nafsi yake.

Mwaka 1976 Gygax aliandika makala akaongeza mstari wa pili, wa wema na uovu, na kitabu cha wachezaji cha 1978 kikaja na viwanja vyote tisa. Swali likawa jingine kabisa: wewe ni mtu wa namna gani? Masheikh, mapadri na mashangazi hawajalimaliza swali hilo mpaka leo. Wewe unatakiwa ulijibu kwa maneno mawili kabla chai haijapoa.

Na adhabu ilikuwapo. Kwa kanuni za 1979, mhusika aliyehama mwelekeo alishushwa daraja moja la uzoefu. Isitoshe, kila mwelekeo ulikuwa na lugha yake ya faragha, na aliyehama aliisahau lugha ya alikotoka. Hujakosea kusoma. Jambazi akitubu usiku, asubuhi hawezi kuwasalimu majambazi wenzake.

Watu utakaowakuta

*Paladini, wa Wema wa Sheria.* Huyu ni askari mtakatifu, na kwa miaka mingi kanuni hazikumruhusu kuwa na mwelekeo mwingine wowote. Katika kitabu cha 1978 anaugundua uovu ulio mbali naye, anatoa fungu la kumi la mapato yake, na akitenda uovu hata mara moja kwa kujua na kwa hiari yake, neema yote inamtoka asiipate tena. Mtu anayeishi kwa masharti hayo hawezi kukaa kimya mwenzake anapochomoa funguo kwenye mkanda wa mlinzi aliyesinzia. Atataka mlinzi aamshwe kwanza ili vita viwe vya haki. *Kinga:* mpe kazi yenye heshima iliyo mbali na mlango, kama vile kulinda farasi.

*Bwana Vurugu Tupu.* Kitabu cha toleo la pili, mwaka 1989, kiliwataja wendawazimu kuwa wenye kuelekea kiwanja hiki, na wapo wachezaji waliolisoma onyo hilo kama leseni. Huyu atamwibia mwenzake aliyelala, ataichoma nyumba ya wageni mliyofikia, na atamtukana mfalme mliyehangaika kumfikia. Ukimuuliza sababu atakujibu, “Ndivyo mhusika wangu alivyo.” Ikariri sentensi hiyo. Ukiisikia, ujue hasara imeshatokea au iko njiani. *Kinga:* lala juu ya mfuko wako.

*Druidi, wa Katikati.* Huyu ni kuhani wa misitu anayeabudu mizani. Kitabu hicho hicho cha 1989 kilimtolea mfano ambao wachezaji hawajausahau: druidi anaungana na watawala wa eneo lake kupigana na gnoll, viumbe waovu wenye vichwa vya fisi. Gnoll wakikaribia kwisha kabisa, druidi anajitoa, au anahamia upande wao, ili pasiwe na upande uliozidi. Jaribu kumweleza hayo mkulima ambaye fisi hao wamemla mwanawe. *Kinga:* usishinde sana akiwa karibu.

*Wa Wema wa Vurugu.* Ndicho kiwanja anachokichagua mtu anayejiona shujaa asiyependa kuamriwa. Anawaibia matajiri ili awape maskini. Nusu ya kwanza ya mpango utaishuhudia kila mara mnapocheza. *Kinga:* omba hesabu ya nusu ya pili.

*Wa Uovu wa Sheria.* Hapa mgeni hupata mshangao. Mwovu huyu anashika neno lake, anafika kwa wakati na anagawa nyara kama mlivyoafikiana. Hakuibii, anakukopesha. Wazoefu wengi wangependa kusafiri na huyu kuliko wote waliotangulia, na jambo hilo lingepaswa kuwatia wasiwasi kuhusu ramani yenyewe. *Kinga:* soma maandishi madogo.

Shimo lenye kina

Kuna shimo moja ambalo msafara wowote unaweza kutumbukia. Katika *The Keep on the Borderlands*, safari ya kuchezwa iliyoandikwa na Gygax mwaka 1979, mashujaa wanaingia kwenye mapango wanamokaa viumbe wa hadithi waitwao orki na goblini, pamoja na jamaa zao. Mwandishi hakuweka askari tu humo. Aliweka pia wake na watoto wasiopigana.

Basi mmewaua wapiganaji, mnasukuma mlango wa ndani, na mbele yenu wamesimama watoto wa goblini. Kitabu kimeandika kwamba goblini ni waovu. Paladini anauliza kama kuua uovu ni wema. Bwana Vurugu Tupu ameshachomoa panga. Druidi anahesabu waliobaki kila upande. Hakuna dadu inayoliamua jambo hili, na usiku wenu umekwisha.

Hapo ndipo ramani inapopasuka. Ikiwa goblini anazaliwa akiwa ndani ya kiwanja chake, hakukichagua, na asiyechagua hana hatia. Ikiwa hana hatia, wewe unafanya nini nyumbani kwake na upanga mkononi? Katika mchezo wa 1974 jibu lilikuwa jepesi: ni jeshi la adui. Neno “mwovu” lilipoongezwa, vita vikageuka hukumu, na mashujaa wakajikuta mahakimu wasio na ushahidi. *Kinga:* msimamizi wa mchezo mwenye busara humaliza suala hili kabla ya safari, au huyaacha mapango bila watoto.

Mavazi ya kuepuka

Usivae kofia ya chuma usiyoijua ilikotoka. Ipo moja inayogeuza mwelekeo wa mvaaji papo hapo: mtakatifu anakuwa fisadi, fisadi anakuwa mtakatifu, na kila mmoja anaifurahia hali yake mpya. Ndicho chombo pekee kilichowahi kumrekebisha mtu mzima kwa dakika moja, na vitabu vimekiweka kwenye orodha ya vitu vilivyolaaniwa.

Njia ya kutokea

Wenye mchezo wenyewe wamekuwa wakiiacha ramani hii taratibu. Toleo la nne, mwaka 2008, lilibakiza mielekeo mitano, mmojawapo ukiwa ni kutokuwa na mwelekeo. Toleo la tano, mwaka 2014, lilivirudisha viwanja tisa vikiwa vimeng'olewa meno. Paladini aliruhusiwa mwelekeo wowote, na uganga wa kutambua wema na uovu ukaacha kusoma mioyo, ukabaki kutambua aina za viumbe kama malaika, mashetani na wafu watembeao. Pathfinder, mchezo wa ukoo huo huo, uliifuta mielekeo kabisa katika vitabu vyake vya 2023. Ramani hata hivyo haijafa. Imehamia nje ya mchezo, ambako watu wanagawa wanasiasa, wahusika wa filamu na hata vyakula katika viwanja tisa.

Kabla ya kuitupa, chukua kitu kimoja. Katika kanuni zile kali za 1979, Gygax alimtaka msimamizi achore grafu ya kila mhusika na kusogeza alama yake kwa kadiri ya matendo. Maana yake, tendo lilitangulia na jina likafuata. Wachezaji waligeuza mambo: jina likatangulia, na matendo yakaletwa kulitumikia.

Kwa hiyo iache wazi nafasi ile ndogo. Cheza kwanza. Saidia watu, danganya kidogo, okoa unayeweza, kimbia inapobidi. Baada ya safari chache wape wenzako karatasi wakujazie kiwanja chako. Usijijazie mwenyewe, kwani nyani haoni kundule. Mchezaji akipinga walichomwandikia kwa kusema, “Ndivyo mhusika wangu alivyo,” mwulize kwa adabu ni nani aliyemuumba mhusika huyo. Anapotafuta jibu, hesabu dhahabu yako.