Barua ya Wazi kwa Wizara ya Nishati

Wizara ya Nishati,
Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA UGAWAJI WA MITUNGI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tangu kuzinduliwa mwaka 2024 kwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, Wizara imegundua njia ya kupunguza moshi ambayo wanasayansi hawakuwahi kuifikiria, nayo ni kupiga picha. Mama lishe hukabidhiwa mtungi wa kilo 6 mbele ya kamera, makofi hupigwa, na jiko lake huhesabiwa kuwa limesafishwa siku hiyohiyo.

Tatizo ni utovu wa nidhamu wa moshi wenyewe. Moshi wa kuni hubeba chembechembe laini, yaani vumbi lenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambalo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuwaletea watoto nimonia na watu wazima maradhi ya moyo, na halijawahi kuonyesha heshima yoyote kwa takwimu za mitungi iliyogawiwa.

Kisha gesi huisha. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha iliyopatikana asubuhi ileile, ilhali gesi hudai bei ya mtungi mzima kwa mkupuo. Kwa hiyo mama lishe anayerudi kwenye mkaa hakukosa elimu, kama semina zinavyopenda kudokeza, bali anajua hesabu. Mtungi hautupwi: hufunikwa kitambaa, ukatumika kuchemshia chai ya mgeni pale unapojazwa, huku maharage, yanayokula moto kwa saa kadhaa, yakibaki mafigani. Kaya ya namna hii, iliyoongeza jiko jipya bila kuliacha la zamani, haina safu yake kwenye fomu za ugawaji.

Kupiga marufuku kuni na mkaa katika taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100, kama ilivyokwisha kuagizwa, ni jambo jema na la gharama nafuu, ila uji wa shule hauchemki kwa waraka.

Wizara inaombwa, pasipo kuvuruga ratiba ya hafla, ihesabu mtungi unapojazwa mara ya pili, na ruzuku iufuate huko. Tena iipe nguvu gesi ya mita, iliyokwisha kujaribiwa Dar es Salaam, ambayo mtumiaji huilipia kidogokidogo kwa simu kama anavyonunua umeme wa LUKU.

Nakala: Muuza mkaa wa kopo (kwa taarifa, asifunge kibanda kwa sasa).