Basi Lilikuwepo

Basi lipo. Ndilo neno nililolitanguliza, na naomba liingie katika kumbukumbu za kikao. Kuna mabasi yanayoshuka kutoka Lushoto kila siku ya Mungu, yanapita Soni, Mombo, Korogwe, Segera na Muheza, na jua halijalala yameshaingia Tanga. Mtoto alikwenda chuo kwa basi. Miaka mitatu, likizo zote, amekuja kwa basi na kurudi kwa basi. Leo amemaliza mtihani wa mwisho, ndiyo basi limekuwa haramu? Au elimu ya juu inalegeza miguu?

“Baba watoto,” akasema mama watoto, kwa ile sauti laini ya Kitanga ambayo mgeni huisikia akadhani anabembelezwa, “mtoto wa kike, na vyombo vya miaka mitatu, umwache akokotane na wapiga debe stendi? Watu watasemaje?”

Hao watu, nilipogeuka, walikuwa kwenye kochi wakinywa chai: dada yangu mkubwa, shangazi mtu, kaja toka Ngamiani na mkoba wa safari uko miguuni. Wifi na wifi walishakubaliana siku tatu nyuma. Mimi nilikuwa naarifiwa tu. Novemba 1914, Waingereza waliposhuka pwani kuuteka mji huu wa Tanga, waliokuwa wakiulinda walipata msaada wa nyuki, wavamizi wakarudi baharini wamevimba nyuso. Mimi sebuleni kwangu sikuwa na nyuki hata mmoja.

“Tena tutapunga upepo,” dada akaongeza. “Lushoto wanasema kuna mandhari.”

Nilikubali kwa sharti moja: waja leo, waondoka leo. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri, tunapakia, tunarudi. Saa kumi na moja nilikuwa ndani ya gari, mikono kwenye usukani. Saa mbili nilikuwa bado ndani ya gari. Jikoni zilikuwa zinakaangwa kababu. Nikauliza, kwa adabu, kama safari isiyofika kilomita 200 inahitaji maandazi, kababu, samaki wa kukaanga na chupa mbili za chai. Nikajibiwa kwamba njiani kuna watu na viatu, na mtu hali ovyo ovyo. Tulitoka saa tatu na robo.

Gari langu ni Toyota IST, kigari cha watu watano ikiwa watano hao hawakubeba kitu na hawana makuu. Tulipofika Pongwe shangazi mtu alikuwa ameshakumbuka kwamba hakuaga vizuri nyumbani, na simu ikapigwa, ikachukua muda wote mpaka Muheza. Muheza tukasimama kwa machungwa. Nikasema machungwa tutanunua wakati wa kurudi, yasibebwe kupelekwa mlimani yakarudishwa tena hapa hapa kwao. Tukanunua nusu gunia.

Kuna jambo nilikuwa silielewi tangu shuleni. Wajerumani walianza kujenga reli hapa Tanga mwaka 1893, wakafika Korogwe mwaka 1902. Miaka tisa, kilomita 80 na ushei! Vitabu vinasema kampuni ya reli iliishiwa fedha njiani, serikali ikalazimika kuichukua. Nimesoma hivyo nikaamini. Lakini sasa nimesafiri njia hiyo hiyo na mke na wifi yake, tumesimama kwa machungwa, kwa korosho, kwa picha, kwa haja, na kwa mama mmoja wa Hale aliyefanana na binamu yetu lakini kumbe siye. Sidhani tena kama tatizo la Wajerumani lilikuwa fedha peke yake.

Wenyewe nyuma wakalaumu kwamba naendesha kama nabeba mayai. Ni kweli. Penye kibao cha 50 mimi nilikwenda 48, kwa sababu nawajua trafiki wenye tochi za kupimia mwendo: hujificha kivulini, na faini ni shilingi 30,000, ambayo ni fedha yangu na si ya mandhari. Mabasi yalitupita. Bodaboda ikatupita na mbuzi. Basi moja lililokuwa likielekea Arusha lilitupita karibu na Korogwe, dereva akanipungia mkono, nami nikampungia kwa hisia nzito, kama mtu anayemwona ndugu yake melini.

Pande hizi mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanachoka, na hapo ndipo nilipoingiwa na mawazo ya kihasibu. Mkonge huu si wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikazungushwa Hamburg, ikasafirishwa baharini, na ilipofika Tanga ilikuwa hai miche 62. Sitini na mbili! Watu huisimulia habari hii kwa mshangao. Mimi baba wa mwanachuo sishangai. Ukituma elfu moja Lushoto, unapouliza matumizi unapewa maelezo ya sitini na mbili. Tofauti ni kwamba miche ya Hindorf ilizaa, na miaka ya sitini nchi ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 200,000 za mkonge kwa mwaka. Zangu zinaishia kwenye vifurushi vya simu.

Mombo tukaacha barabara kuu, tukaanza kupanda. Wasioijua njia hii niwaambie: ni kilomita 30 na kidogo, na sikumbuki kama kuna mia mbili zilizonyooka. Mkono mmoja mlima umekuegemea, mkono wa pili hakuna kitu, kuna hewa tu, na chini kabisa mto unang'aa. Kila kona unapiga honi na kusoma ulichojaaliwa. Dada yangu, aliyetaka mandhari tangu Tanga, alifumba macho kona ya tatu na kujifunika mtandio uso mzima, akiwa anasoma aya zote anazozijua. Mama watoto yeye alikuwa nusu ya mwili dirishani na simu mkononi. “Hebu simama hapa, pazuri!” Hapo pazuri, mama, nyuma yangu kuna Fuso limebeba kabichi.

Gari lilijichagulia lenyewe pa kusimama. Karibu na Soni mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka, rejeta ikaanza kunguruma kama sufuria la makande. Nikaegesha, nikafungua boneti, nikasimama nikiitazama injini kama mjuzi. Pembeni yetu maporomoko ya Soni yanamwagika mwambani, meupe, na wifi zangu wale wawili (nimeshaanza kuwaita hivyo) wakashuka wakijitengeneza vitambaa vya kichwa.

“Ahsante baba watoto,” mama watoto akanishika bega. “Nilidhani hutasimama.”

Walipiga picha arobaini. Katika tatu naonekana kwa nyuma, kichwa kimo ndani ya boneti.

Sasa kuhusu baridi. Mimi nimezaliwa pwani, baridi naijua ile ya kiyoyozi benki. Nilikuwa na shati la mikono mifupi na makubazi. Lushoto iko juu, mita 1,400 hivi, na Julai hii mtu akisema “karibu” neno linatoka na moshi. Wajerumani waliokimbia joto letu la Tanga walijenga mji wao hapa, wakauita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Sasa naelewa kwa nini hawakumwalika. Tulipofika hosteli nilikuwa nimejitanda kanga ya mke wangu mabegani, na nikamsalimia mlezi wa wasichana hivyo hivyo, meno yakigongana. Kanga ilikuwa na maneno. Sikuthubutu kuyasoma.

Ni hapo, nikitetemeka, ndipo wazo lilipokuja. Lilikuja polepole, kama pancha. Mwaka wake wa pili, binti yangu alinipigia akasema, baba, hatulali, chumba ni moto, naomba hela ya feni. Mimi mtu wa Tanga, neno joto sihitaji kuelezewa. Nilituma siku ile ile, na ya kutolea juu. Bumu, zile fedha za kujikimu walizokuwa wakipewa wenye mkopo, lilikuwa limechelewa, nikamhurumia mtoto.

“Mwanangu,” nikasema, “feni iko wapi?”

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Feni.”

Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama mlima. Shangazi mtu, ambaye hajawahi kukosa neno tangu tumezaliwa, akaanza kuhesabu mabegi.

Na mabegi yalikuwepo! Sijui chuo kinafundisha nini, lakini walichohifadhi wanafunzi wake kinatosha kufungulia duka. Godoro. Mtungi wa gesi na jiko lake. Ndoo tatu, moja imejaa vitabu, moja imejaa viatu, ya tatu imejaa ndoo ndogo. Kapeti. Kioo cha ukutani ambacho hakikutoshea kwa namna yoyote, na kila aliyekishika alijiona uso wake umekasirika. Kisha akaja msichana mwingine, mpole, na begi lake na gunia lake, akatupigia magoti kutuamkia. Ni rafiki, wanalala chumba kimoja, kwao Muheza. “Nimemwambia tutamshusha, baba. Si ni njiani?”

Ningesema nini? Mtoto wa watu ameshapiga magoti.

Ningependa kusema kwamba baada ya kupakia tulirudi. Hatukurudi, tulikwenda Irente, kwa sababu huwezi kufika Lushoto usione Irente, hivyo alisema shangazi mtu, ambaye asubuhi alikuwa hajui kama Irente ni mahali au dawa. Na nakiri, pale jabalini niliposimama, ulimi ulikwisha. Ardhi inakatika miguuni, unaiona nyika yote ya Umasaini imelala chini mpaka inapotelea kwenye ukungu, Mazinde iko kama kiganjani, na barabara kuu ni uzi. Juu ya uzi ule kulikuwa na kitu kidogo kinatambaa kuelekea upande wa nyumbani. Nikakitazama mpaka kikapotea. Lilikuwa basi.

Njiani kushuka yakanunuliwa mazao, kwa hoja kwamba kabichi ya Lushoto sokoni Tanga inauzwa bei ya mbuzi. Kabichi kumi na mbili, karoti, hoho, viazi debe moja. Mafyulisi hayakuwa msimu wake, nikashukuru kimoyomoyo. Watano ndani ya IST, godoro limekunjwa nyuma ya shingo zetu, kioo kwenye mapaja ya mgeni, kila mtu amepakata kabichi kama mjukuu. Kwenye kona gari lilikuwa likiamua baadaye kidogo kuliko mimi. Breki zilinuka. Hakuna aliyesema mandhari.

Mombo, joto la chini lilipotupokea, gari likagusa matuta kwa tumbo mara mbili, nikasimama. Nikasema ukweli: hapa lazima mtu mmoja apunguke. Nilimtazama binti yangu, na naapa nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema lile neno langu la kwanza.

“Mtoto ndiye tuliyemfuata,” akasema mama yake.

Mgeni hapandishwi basi, hilo najua. Dada yangu magoti yanamsumbua. Mama watoto hakusema sababu yake, alinitazama tu.

“Nani sasa ataendesha?” nikauliza, nikidhani nimewaweza.

Binti akatoa leseni kwenye mkoba. Leseni halali, ina picha, anacheka. Kumbe alijifunzia hapo hapo chuoni, mwaka wa pili. Nikaupiga hesabu mwezi wa ile leseni, nikaona na bei ya feni.

Nilishushwa stendi na kabichi moja, kwa sababu pale mbele ilikuwa inagonga gia. Basi lilikuja baada ya dakika kumi. Lilikuwa safi, kiti cha dirishani, upepo mwanana, na njia nzima hakuna aliyeniomba nisimame. Segera ikaingia ujumbe wa picha: wamesimama Korogwe, wanakula kababu zilizobaki, wanasema dereva wao hana wasiwasi kama baba yake. Karibu na Pongwe ikaja nyingine, wako Muheza kwa kina rafiki, wameandaliwa chai, wasingojewe mapema.

Niliingia Tanga taa zikiwaka. Ufunguo wa nyumba ulikuwa kwenye mkoba wa mama watoto. Nikakaa barazani, makubazi yangu yana vumbi la wilaya nne, kabichi pembeni. Jirani akapita kutoka msikitini, akasimama.

“Si ulikwenda kumchukua mwali wako?”

“Nilikwenda.”

Akaitazama kabichi. “Yuko wapi?”

“Anakuja na gari,” nikasema. “Mimi nimetangulia kwa basi.”