Waraka wa Nasaha kwa Mahakama Iliyoko Arusha

Kwa Waheshimiwa Majaji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu,

Naomba idhini niwape nasaha ambayo wenyeji wenu, kwa jamala yao, hawataitamka hadharani: tangu mlipohamia Arusha mwaka 2007, mkawekwa katika majengo ya Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani kwa watu waliozoea kuhifadhi viumbe wasiofungua mashitaka, mmekosa adabu ya ugeni.

Mwaka 2010 mwenyeji wenu alitoa tamko la kuwaruhusu raia wake wawajie moja kwa moja, na kila mwenye insafu angefahamu kwamba ruhusa ya namna ile hutolewa ili isifiwe, si ili itumiwe. Nyinyi mkaisadiki. Tarehe 14 Juni 2013 mkampa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila, mkasema kwamba kumlazimisha mtu apitie chama ndipo agombee uongozi ni kuuvunja Mkataba wa Afrika. Na hukumu hiyo ikatafakariwa kwa utulivu mkubwa mno, hata uchaguzi wa 2015 ukapita, na wa 2020 nao ukapita, pasi na mgombea binafsi hata mmoja. Kisha wafungwa wakaanza kuwaandikia kutoka magerezani, wakiwamo waliohukumiwa kitanzi, nanyi, badala ya kujifanya hamkupata barua zao, mkawajibu.

Novemba 2019 tamko likaondolewa. Hata hapo hamkutanabahi, kwani siku chache baadaye, tarehe 28 ya mwezi uleule, mkaamua kuwa adhabu ya kifo isiyomwachia hakimu hiari ni dhulma juu ya haki ya uhai. Rwanda ilikwisha kuliondoa tamko lake mwaka 2016. Benin na Côte d'Ivoire zikafuata mwaka 2020.

Nasikia kwamba dola ikikaidi, dawa yenu ni kulipelekea taarifa Baraza la Utendaji la Umoja wa Afrika, ambalo wajumbe wake ni mawaziri wa dola zilezile. Siwalaumu, ndivyo Itifaki iliyowaanzisha ilivyoandikwa, na walioiandika walijua walifanyalo.

Basi nawasihi, mwombeni mwenyeji alirejeshe tamko lake, maana tangu tarehe 22 Novemba 2020 mimi raia wake sina ruhusa ya kuwaletea shauri jipya moja kwa moja, nikiwa na dhulma yoyote ile.