Jipya la Miaka Saba

Kwingine wauzaji huhesabu siku ambazo gari jipya limekaa yadi. Miasenyi, kwenye barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, hesabu hiyo ya nini? Magari yanapita tu, juu ya lori, vioo vimejaa vumbi, yakikimbilia yadi za Nairobi.

Na huo upya! Kenya hairuhusu mtumba uliozidi miaka minane, na usukani sharti uwe kulia. Gari Mjapani kalichoka, mnunuzi wa Voi ndio kwanza anakataa kubandua nailoni vitini.

Mapya kabisa, yasiyowahi kukaliwa na mtu, wateja wake wakubwa ni kampuni na serikali. Ya polisi, tangu 2013, mengi hukodishwa tu. Hayo ndiyo yanayomsimamisha mwenye Probox ya mtumba kumwuliza bima.