Tarakimu Iliyodondoka: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwakilishi wa Texas

Kwa Mheshimiwa Mwakilishi wa mrengo wa kihafidhina,
Baraza la Wawakilishi la Jimbo la Texas,
Austin.

YAH: TAARIFA ZA MHESHIMIWA KWA WAPIGA KURA JUU YA KANUNI ZA UCHAGUZI, BAJETI NA KAMPENI

Mheshimiwa,

Taarifa ambazo wawakilishi wa chama cha Republican huwapelekea wapiga kura wao kila Bunge la Texas linapofunga kikao zimesomwa kwa makini, na kwa kuwa hazitofautiani sana baina ya mwakilishi mmoja na mwenzake, barua hii inaelekezwa kwa Mheshimiwa yeyote atakayejitambua ndani yake, bila kumtaja kwa jina na bila kumnyima haki ya kusema kwamba anayesemwa ni jirani yake wa kiti cha pili. Taarifa hizo husema mambo matatu: kwamba uchaguzi umelindwa, kwamba bajeti imesawazishwa, na kwamba kampeni imekaribia, kwa hiyo mchango wowote utapokelewa kwa shukrani. Yote matatu ni mambo ya hesabu, na ni hesabu za Mheshimiwa ambazo barua hii inaomba kuzikagua.

Msomaji aliye mbali na Austin anastahili kuelezwa kwanza kwamba Bunge hilo lina wawakilishi 150 na maseneta 31, kwamba hukutana kwa kawaida katika miaka isiyogawanyika kwa mbili tu, kwa muda usiozidi siku 140, na kwamba kila mjumbe hulipwa mshahara wa dola 600 kwa mwezi, kiwango kilichoandikwa ndani ya katiba ya jimbo, ukiacha posho ya siku za kikao. Wenyeji wana utani wa siku nyingi kwamba waandishi wa katiba walikusudia Bunge likae siku 2 kila baada ya miaka 140, na kwamba aliyenakili ndiye aliyepindua namba. Utani huo, kama itakavyoonekana, hauko mbali sana na kumbukumbu rasmi.

Mwezi Mei 2021 chama cha Mheshimiwa kilifikisha hatua ya mwisho Mswada wa Seneti Namba 7, uliokusudiwa kulinda usafi wa uchaguzi, na ndani yake kukaonekana kifungu kilichokataza upigaji kura wa mapema siku ya Jumapili kuanza kabla ya saa 7 mchana. Jumapili katika makanisa ya Wamarekani Weusi ina desturi yake: waumini hutoka ibadani na kwenda vituoni kwa pamoja, mara nyingi kwa basi la kanisa, na kifungu hicho kingewafanya wasubiri juani. Wabunge wa Democrat walitoka ukumbini usiku wa mwisho na kuivunja akidi, yaani idadi ya wajumbe inayohitajika ili kikao kiwe halali, ambayo huko ni theluthi mbili, na mswada ukafa. Baadaye mmoja wa wawakilishi wa Republican alieleza hadharani kwamba lilikuwa kosa la uchapaji tu: ilikusudiwa saa 5 asubuhi, ambayo kwa saa za Kimarekani huandikwa 11, lakini tarakimu moja ilidondoka ikabaki 1. Maelezo hayo yanakubaliwa hapa kwa moyo mkunjufu. Kilichoombewa msamaha ni tarakimu moja, na binadamu ni nani asisamehe tarakimu moja?

Ugumu ni kwamba msamaha huo haukudumu hata majira ya joto yale yale. Sheria iliyopatikana baada ya vikao viwili maalumu, iliyotiwa saini na Gavana Greg Abbott tarehe 7 Septemba 2021, ilimtaka mpiga kura wa posta aandike kwenye ombi lake na kwenye bahasha yake namba ya leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, ama tarakimu 4 za mwisho za namba yake ya hifadhi ya jamii, na namba hiyo ilingane na iliyomo kwenye kumbukumbu za uandikishaji. Mtu aliyejiandikisha miaka 40 iliyopita kwa namba moja, kisha akajaza nyingine iliyo halali na yake mwenyewe, aliweza kukuta kura yake imekataliwa. Na aliyeiacha nafasi wazi kwa sababu ilifichwa chini ya kifuniko cha bahasha alikutwa na hayo hayo. Katika kura za mchujo za Machi 2022, kura za posta zaidi ya 22,000 zilitupwa, takriban 1 kati ya kila 8, ilhali katika uchaguzi wa 2020 zilizokataliwa zilikuwa karibu asilimia 1. Ikumbukwe pia kwamba Texas hairuhusu kila mtu kupiga kura kwa posta: wengi wanaoruhusiwa ni wazee wa miaka 65 na zaidi, watu ambao Mheshimiwa huwatembelea kwa bidii wakati wa kampeni na kuwapigia picha nzuri. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, wahenga walisema. Hawakusema nini cha kufanya unapomchoma bibi aliyekipigia kura chama cha mrusha mkuki tangu enzi za Ronald Reagan.

Ipo pia hesabu ya masanduku. Mnamo Oktoba 2020 Gavana aliagiza kila kaunti iwe na mahali pamoja tu pa kuwasilisha kura za posta kwa mkono, na agizo hilo lilikuwa na usawa wa kupigiwa mfano: Kaunti ya Loving, iliyohesabiwa watu 64 katika sensa ya mwaka huo, ilipata mahali pamoja, na Kaunti ya Harris, yenye jiji la Houston na watu zaidi ya milioni 4.7, nayo ikapata mahali pamoja. Harris ilikuwa imewawekea wapiga kura vituo vya kupigia kura wakiwa ndani ya magari, vilivyotumiwa na watu wapatao 127,000, na vituo vichache vilivyokesha usiku kucha kwa ajili ya wauguzi, wafanyakazi wa viwandani na wengine wa zamu za usiku. Sheria ya 2021 ilipiga marufuku yote mawili, na vituo sasa havina ruhusa kuvuka saa 4 usiku. Mwaka 2023 likafuata jambo ambalo taarifa za Mheshimiwa zilieleza kwa unyenyekevu uliopita kiasi, nalo ni sheria ya jumla iliyofuta ofisi ya msimamizi wa uchaguzi katika kaunti zote zenye watu zaidi ya milioni 3.5. Kaunti hizo zote, zikihesabiwa kwa uangalifu, ni moja.

Kuhusu wizi wa kura wenyewe, ambao ndio ugonjwa unaotibiwa kwa dawa hizi zote, Luteni Gavana Dan Patrick, ambaye ndiye mwenyekiti wa Seneti, alitangaza Novemba 2020 zawadi za hadi jumla ya dola milioni 1 kwa watakaotoa taarifa zitakazoleta hukumu. Malipo ya kwanza kujulikana, dola 25,000, yalitolewa mwaka uliofuata kwa mfanyakazi wa kituo cha kura wa Pennsylvania, mfuasi wa Democrat, aliyemripoti mpiga kura wa Republican kwa kupiga kura mara mbili. Barua hii haina la kuongeza hapo.

Neno moja la pembeni liruhusiwe kuhusu lugha, kwa kuwa Kiswahili kina wenyewe Texas. Wapo Houston, Dallas na kwingineko wakimbizi wengi kutoka Kongo, na baadhi yao wamekwisha kuapa na kuwa raia wenye haki ya kura. Karatasi za kura za Harris huchapishwa kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina, kwa sababu sheria ya shirikisho inayolazimisha tafsiri inazitambua jamii za asili ya Kihispania, za Asia na za wenyeji wa asili wa Amerika na Alaska, na lugha za Afrika hazimo. Kosa hilo si la Mheshimiwa. La Mheshimiwa ni kwamba mama wa Kiswahili anayemleta bintiye amsomee karatasi humkuta bintiye akitakiwa kujaza fomu ya jina, anuani na uhusiano wake na mpiga kura, pamoja na kiapo chenye adhabu ya kusema uongo, kana kwamba kumsomea mama ni biashara ya kushukiwa.

Bajeti inastahili sifa, na sifa zipewe mwenyewe. Mheshimiwa huandika kila baada ya miaka miwili kwamba Bunge lake limesawazisha bajeti, tofauti na Washington. Katiba ya Texas inaagiza kwamba mswada wa matumizi hauwi sheria mpaka Mdhibiti wa Hesabu za Umma athibitishe kuwa fedha zipo, kwa hiyo sifa hiyo inafanana na ya dereva anayejigamba kwamba hajawahi kuliendesha gari lake baharini. Januari 2023 Mdhibiti alitangaza ziada ya dola bilioni 32.7, iliyotokana zaidi na mfumuko wa bei uliovimbisha kodi ya mauzo, mafuta na gesi, na sehemu kubwa ikaelekezwa kupunguza kodi ya majengo, ambayo Mheshimiwa huiita kodi aliyoikata. Katiba hiyo hiyo inalikataza jimbo kutoza kodi ya majengo. Wanaoitoza ni wilaya za shule, miji na kaunti, na alichofanya Mheshimiwa ni kuwalipia wengine pengo la kodi ambayo yeye haruhusiwi kuitoza, kisha akachukua shukrani. Katika muda huo huo fungu la msingi la kila mwanafunzi wa shule ya umma lilikaa kwenye dola 6,160 tangu 2019, likisubiri mabishano ya vocha za shule binafsi yaishe. Mwaka 2025 vocha zilipata dola bilioni 1, na fungu la msingi likapanda. Lilipanda kwa dola 55. Fedha nyingine kwa shule zilitolewa nje ya fungu hilo, zikiwemo nyongeza za walimu, na ni haki kulisema. Lakini taarifa ya Mheshimiwa, iliyojaa mabilioni, haikupata nafasi ya tarakimu hizo mbili.

Zimebaki kampeni. Sheria inamzuia mbunge kupokea michango kuanzia siku 30 kabla ya kikao cha kawaida hadi kifungwe, ili fedha na kura zisikutane mlangoni. Katika vikao maalumu, ambavyo Gavana anaweza kuviitisha apendavyo, katazo hilo halipo, na kwa mtu binafsi anayemchangia mbunge hakuna kikomo cha kiasi. Mbunge anayekimbia kikao ili kuivunja akidi, kwa upande wake, aliwekewa faini ya dola 500 kwa siku kwa kanuni iliyopitishwa mwaka 2023, yaani siku mbili za utoro zilitosha kumaliza mshahara wa mwezi na kudai zaidi. Kanuni hiyo ilipata kazi Agosti 2025, Democrat walipoondoka kuzuia uchoraji mpya wa mipaka ya maeneo ya uwakilishi, kazi ambayo kwa desturi husubiri sensa ya kila miaka 10 lakini safari hii haikuweza kusubiri, kwa kuwa Rais Donald Trump alitaka viti 5 zaidi vya Republican katika Bunge la Marekani. Ramani ilitiwa saini mwezi huo huo, na ikumbukwe kwamba katika namba 5 hiyo hakuna aliyedai kosa la uchapaji.

Majibu ya Mheshimiwa yatapokelewa kwa posta. Anaombwa kuandika chini ya kifuniko cha bahasha tarakimu 4 za mwisho za namba aliyoitumia siku alipojiandikisha kupiga kura kwa mara ya kwanza, si nyingine, hata kama nyingine ni yake. Bahasha itakayofika Jumapili itafunguliwa saa 5 asubuhi, au saa 7 mchana, kutegemea mchapaji.

Wako katika ujenzi wa hesabu,

Wasomaji wa taarifa za Mheshimiwa