Kiangazi Bondeni Ruhwa

Alhamisi, 24 Julai 2025, Kamembe

Tumefika usiku tukitokea Kigali. Msitu wa Nyungwe, ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2023, nimeupita bila kuuona: ukungu ulitanda, kisha giza likaingia. Nguo za mume wangu zimesafiri zikiwa zimefungwa kwenye gazeti tangu mpaka wa Rusumo, kwa kuwa Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Mashati yana wino wa habari za michezo. Hata hivyo sheria naiunga mkono kwa moyo wote. Mitaro ya huku ni safi, natamani ya kwetu Dodoma ingekuwa hivyo.

Tumekuja kwa ajili ya urwagwa, pombe ya ndizi. Sisi ni wakulima wa zabibu Hombolo, tunavuna mara mbili kwa mwaka, na soko likilegea zabibu huoza tukizitazama. Tulitaka kuona watu wanaogeuza tunda kuwa kinywaji nyumbani kwao, bila kumsubiri mnunuzi.

Ijumaa

Basi dogo la Bugarama limetushusha bondeni, joto likipanda kila kona. Mto Rusizi ndio sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, kama mita 950 kutoka usawa wa bahari. Hata Dodoma iko juu zaidi. Sokoni Bugarama Kiswahili kinasikika kila upande. Tumekula mchele wa huku. Mume wangu amemwagiwa mchuzi wa maharage na mtoto wa meza ya jirani, akabadilisha shati. Hilo nalo lina wino.

Kisha Ruhwa, mpakani. Mto Ruhwa ni mwembamba, ng'ambo ni Burundi. Burundi ilifunga mpaka Januari 2024, na njia ya magari imekaa kimya. Upepo ulichukua kofia ya mume wangu ukaitupa majini, mkondo ukaipeleka ukingo wa pili. Kijana mmoja aliiokota akaipunga. Mume wangu akampungia naye. Hapakuwa na la kufanya. Mama muuza ndizi alituambia dada yake ameolewa kule, na harusi ya mpwa wake imepita bila yeye. Nilikosa la kumjibu. Kofia tutanunua nyingine.

Jumamosi

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Maduka yamefungwa na magari hayatembei mpaka saa tano asubuhi. Chai hatukupata. Mwenye nyumba ya wageni alitwambia, "Karibuni kazini," akatupa jembe moja na fyekeo. Tumezibua mtaro na majirani zake. Mpini wa jembe ulikatika mikononi mwa mume wangu; mzee mmoja akachonga mwingine papo hapo, hakusema neno. Kiganja changu kina malengelenge. Ningependa kitongoji chetu kiwe na asubuhi kama hii kila mwezi.

Jumapili

Hatimaye urwagwa. Mama mwenye migomba alituonyesha kila hatua. Ndizi za pombe hufukiwa shimoni kwa siku kadhaa mpaka ziive. Kisha humenywa, hukandwa kwa majani kwenye mtumbwi wa mti mpaka maji yatoke, huchujwa, kisha hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtama ndio unaoumua. Ni ndugu wa lubisi ya Bukoba. Tuliketi kwenye benchi. Benchi likavunjika mguu, tukahamia mkekani.

Ladha ina uchachu na moshi kidogo, halafu utamu unachelewa kuja. Nimeipenda kuliko divai nyingi ninazozijua. Nilipouliza kama inaweza kufika Dodoma, mama alitikisa kichwa: "Siku chache tu, mwanangu, inachacha." Divai yetu hukaa miaka na bado hatuna pa kuiuza; yake haifiki Ijumaa na wateja walikuwa wamejaa uani. Hilo limenikalia rohoni jioni nzima.

Alitupa kidumu kidogo cha njiani. Kizibo kimeruka kwenye basi la kurudi Kamembe, urwagwa ikalowesha shati la mwisho na magoti ya abiria wa mbele, mwalimu wa shule, ambaye alitupa leso yake na kuuliza tumeinunua kwa nani. Tulimwelekeza.

Mume wangu ameandika vipimo vya mtama nyuma ya tiketi. Tukifika Hombolo tunajaribu kwa ndizi za sokoni.