Riale za Carlos Zatafutwa Ikutha

Mkusanyaji wa sarafu akikata barabara ya Kibwezi kuelekea Ikutha, shida yake si maji kama sisi wengine. Anatafuta fedha ya Hispania: riale nane, gramu zipatazo 27, yenye sura ya Mfalme Carlos wa Tatu. Nyingi zilipigwa chapa Mexico na Potosí, kwa jasho la wachimbaji ambalo kwenye kabati lake la kioo halina lebo.

Hoja anayo, tusimwonee. Karne ya 19 misafara ya Wakamba wa huku ilishusha pembe za ndovu Mombasa, na pwani fedha ilizunguka: ya Hispania, kisha ya Maria Theresa, ambayo hadi leo hupigwa chapa ya 1780, mwaka aliofariki mwenyewe. (Wapo wanasiasa wetu wangeilipia siri hiyo.) Ila wazee wale walipenda kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba, vitu vya kuonekana navyo. Na riale nyingi za pwani ziliishia kwa sonara, zikayeyushwa kuwa bangili.

Basi mgeni apiga hodi boma kwa boma. “Shikamoo mzee, huna pesa ya zamani?”

Mzee aingia ndani, akawia, atoka na noti ya shilingi elfu moja, ile iliyokoma kuwa pesa Oktoba 2019.

“Hii haipatikani tena, kijana,” asema. “Tuanzie elfu tano.”